Tiba ya mazungumzo: uchague ipi, na kwa tatizo gani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka Marekani walifika wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umeua watu wengi. Walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo inaweza kuwasaidia wanakijiji wenye sonona, au unyogovu kama wengi wanavyosema Kenya. Swali lililowakabili ni lile lile linalomkabili yeyote anayetafuta msaada leo: tiba ipi? Kabla ya kujibu, waliwauliza wenyeji hali hiyo wao wanaiitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujihurumia. Wakaona pia kwamba mtu wa huko akieleza masaibu yake hajitaji yeye peke yake. Anamtaja marehemu, mgonjwa wa nyumbani, mwenza, jamaa. Basi wakaiweka kando tiba inayochambua mawazo ya mtu mmoja mmoja, wakachukua ile inayoshughulikia mahusiano, ambayo kwa kifupi huitwa IPT. Waliifanya kwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, na viongozi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili.

Vijiji vilikuwa 30. Waliopata tiba walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Mwanzoni, 86 kati ya kila 100 kati yao walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka kutoka 94 hadi 55. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Takwimu hizo mbili nazisoma pamoja kila mara. Ya kwanza inatia moyo. Ya pili inafundisha adabu: watu karibu 40 kati ya 100 walipata nafuu bila kikundi chochote, kwa siku kupita na kwa kubebwa na ndugu na majirani. Kwa hiyo mtu akikwambia "njia yangu inaponya," muulize inaponya kuliko nini. Kuliko kukaa tu? Kuliko kusikilizwa na mtu mwema? Kuliko njia nyingine iliyofanywa vizuri? Majibu hutofautiana kwa kila swali, na humo ndimo ulinganisho wa kweli ulimo.

Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi Tanga. Naulizwa swali hili na wagonjwa, na ndugu zao, na siku hizi hata na wauguzi wenzangu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa sonona ya kawaida, njia nyingi zinakaribiana sana, na unaweza kuchagua kwa kuangalia maisha yako na mtu atakayeketi nawe. Kwa hofu, kwa waswasi wa kurudia-rudia na kwa kiwewe, njia ina uzito mkubwa, na huko usikubali kupewa chochote kilichopo.

Anayekusikiliza na anayekupa kazi

Neno letu lenyewe linatupotosha kidogo. "Ushauri nasaha" lilienea miaka ya vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, na nasaha ni mawaidha, kwa hiyo mtu huja akitegemea kuambiwa la kufanya. Mimi nilifundishwa kwanza njia ya Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika akikutana na msikilizaji mwenye mambo matatu: anaingia katika hisia za mwenzake, anamkubali bila masharti, na ni mkweli, hajivishi sura ya utaalamu. Humpi mtu amri wala mawaidha. Unamrudishia maneno yake mpaka ajisikie mwenyewe.

Mama mmoja mtu mzima, wa kumwamkia shikamoo, alinisikiliza kwa vikao viwili nikimuuliza "na wewe mama unaonaje?" Cha tatu akaweka mkoba wake chini, akaniambia: "Mwanangu, nimepanda daladala mbili kuja kwako unishauri, nawe waniuliza mimi naonaje. Ningejua naonavyo ningekuja?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemchagulia njia kwa kuwa ndiyo niliyoijua, bila kumweleza tunafanya nini na kwa nini.

Njia ya kusikiliza ina mahali pake. Imefaa sana kwa aliyefiwa, kwa mtu mwenye siri aliyoibeba miaka bila kumwambia yeyote, kwa anayekabili uamuzi wa ndoa au kazi na kila mtu nyumbani ameshampa rai yake. Watu wa namna hii wameshapewa ushauri hadi wamechoka. Wanachokosa ni nafasi.

Tiba ya fikra na tabia, CBT, ni kinyume chake kwa mengi. Aaron Beck aliianzisha Philadelphia miaka ya 1960. Alikuwa amesomea uchambuzi wa nafsi, akagundua kwamba wagonjwa wake wana mawazo mafupi yanayopita haraka kichwani, ya kujilaumu na kukata tamaa, na kwamba mawazo hayo yakikamatwa na kupimwa huzuni hupungua. Humu kuna kazi ya nyumbani. Unachukua karatasi, unapiga mistari, safu ya kwanza tukio, ya pili wazo lililokujia, ya tatu ulivyojisikia. Tukio: nimemtumia rafiki ujumbe WhatsApp, tiki mbili zimegeuka bluu, hajajibu. Wazo: amenichoka, kila mtu amenichoka. Hisia: huzuni, kifua kizito. Kisha mnakaa na mshauri mnauliza kama hakimu: ushahidi wa wazo hili ni upi? Wa kulipinga je? Juzi yeye si ndiye alikupigia? Saa zile si huwa yuko kazini? Huambiwi "fikiria mazuri." Unafundishwa kutolikubali wazo kabla ya kulihoji.

Asiyejua kuandika hatupwi nje. Safu hizo tunazifanya kwa mdomo, au kwa kokoto tatu mezani. Anayepata shida ni yule ambaye hataki kazi ya nyumbani kabisa. Kama unajijua kwamba shajara hutaijaza, mwambie mshauri mapema, na mtafute njia nyingine.

Na nyingine ipo, ninayoipenda kuliko zote kwa sonona: tiba ya kurudi kwenye shughuli. Sonona humdanganya mtu kwamba asubiri hamu irudi ndipo ainuke. Hamu hairudi kwa kusubiriwa kitandani. Humu mtu anapanga tendo dogo lenye saa yake: saa moja asubuhi kufagia ua mpaka kwenye mwembe tu, Alhamisi kwenda kwenye kikoba hata kama atakaa robo saa na kuondoka. Halafu anaandika, au anakumbuka, alijisikiaje kabla na baada. Inaonekana nyepesi mno, na ndiyo maana watu huidharau. Uingereza walipoilinganisha na CBT kwa watu wazima 440 wenye sonona, matokeo yakatoka mwaka 2016, watoa huduma wa ngazi ya chini wasio wanasaikolojia waliotumia njia hii walifikia mafanikio sawa na wataalamu wa CBT, kwa gharama ndogo. Kwetu, ambako mwanasaikolojia ni wa kutafutwa kwa tochi, hilo si jambo dogo.

Fikra zako au watu wako

IPT, ile ya Masaka, ilitungwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Haigusi sana namna unavyofikiri. Inauliza: huzuni hii ilianza wakati gani, na wakati huo kulitokea nini kati yako na watu? Majibu huangukia sehemu nne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, badiliko kubwa la maisha kama kuolewa, kuachika, kustaafu au kuhamia mji mgeni, na upweke. Mnachagua moja, mbili zikizidi, na kufanyia kazi hiyo hadi mwisho.

Kati ya CBT na IPT kwa sonona, matokeo kwa jumla yanakaribiana mno kiasi kwamba sithubutu kumwambia mtu hii ni bora. Namuuliza hivi: ukiamka usiku saa tisa, kinachokuamsha ni maneno unayojiambia mwenyewe, au ni sura ya mtu? Akisema "najiona sifai, nimeharibu maisha," naelekea kwenye fikra. Akisema "mkwe wangu," au "tangu baba afe," naelekea kwenye mahusiano. Si kipimo cha maabara, lakini kimenisaidia kutopoteza vikao vitatu vya mwanzo.

Uchambuzi wa nafsi wa Freud, ule wa Vienna, wa kulala kwenye kochi na kurudi utotoni, nautaja kwa ufupi. Kwa sura yake ya zamani unadai miaka na vikao kadhaa kwa wiki, na kwetu ni wachache wanaoweza kuutoa au kuulipia. Matawi yake mafupi yanasaidia sonona, na yanamfaa mtu anayejikuta akirudia kosa lile lile katika kila uhusiano na hajui kwa nini. Ukimpata aliyefunzwa vizuri, usimkimbie. Usimsubiri pia.

Waswasi: hapa kuzungumza peke yake hakutoshi

Pwani tunaujua ugonjwa huu tangu zamani kwa jina la waswasi, ingawa wengi hawajui kuwa una tiba. Kijana mmoja aliletwa na mama yake mdogo. Alikuwa akitia udhu kwa dakika 40. Anaosha mkono, anahisi hakuufikisha maji kiwiko, anaanza tena. Anatoka, anahisi umetenguka, anarudi. Ngozi ya vidole ilikuwa imesinyaa na kupasuka. Swala ya jamaa alikuwa ameshaiacha kwa aibu. Nyumbani wote walikuwa wakimsaidia kwa njia moja: "Udhu wako uko sawa, baba, nimekuona." Wanamwambia mara kumi kwa siku. Kila akiambiwa anatulia dakika mbili, kisha anauliza tena.

Msaada huo wa upendo ndio uliokuwa unaulisha ugonjwa. Kila uhakikisho, sawa na kila kurudia kuosha, humfundisha mtu kwamba hofu ile haivumiliki bila kitu cha kuituliza. Mshauri mpole anayemsikiliza tu na kumtuliza anaingia kwenye foleni ya wale wale. Tiba yenye ushahidi hapa ni ya kuikabili hofu na kujizuia kufanya lile tendo. Victor Meyer aliieleza London mwaka 1966 kwa wagonjwa ambao njia nyingine zilikuwa zimewashinda, na hadi leo ndiyo nguzo ya tiba ya mazungumzo kwa waswasi.

Tulipanga ngazi, kuanzia jambo linalomtisha kidogo hadi linalomtisha sana. Tulimwomba imamu wa mtaani kwao aje, kwa ridhaa ya kijana. Imamu akamweleza kwamba shaka inayokuja baada ya kumaliza ibada haiangaliwi. Kisha kopo moja la maji, udhu mmoja, na kuketi mkekani bila kurudi bombani. Dakika ya tano alikuwa anatetemeka. Ya kumi na tano bado. Karibu nusu saa akasema, kwa mshangao, "imepungua yenyewe." Hofu iliyoachwa bila kulishwa hupanda, hukaa, na hushuka, lakini mtu lazima ayaone hayo kwa mwili wake, maelezo hayamtoshi. Mama mdogo naye alipewa kazi yake: akiulizwa kuhusu udhu, anajibu "hilo swali tumeliacha kwa mshauri," basi.

Vivyo hivyo kwa anayeogopa lifti, sindano, mbwa, kuongea mbele za watu, au mwenye mishtuko ya ghafla ya moyo kwenda mbio akidhani anakufa ilhali daktari amempima na moyo ni mzima. Ukienda kwa mshauri na tatizo la namna hii, muulize waziwazi: "Je, tutafanya mazoezi ya kuikabili hofu yenyewe?" Akisema mtaongea tu, shukuru na utafute mwingine.

Kiwewe: kusimulia au kutosimulia

Hapa kuna jambo ambalo watu wema hukosea. Baada ya ajali ya basi au moto shuleni, manusura hukusanywa siku hiyo hiyo au kesho yake, kila mtu asimulie aliyoyaona "ili yamtoke." Kikao kimoja cha namna hiyo kimechunguzwa mara nyingi: hakizuii kiwewe, na kuna ushahidi kwamba baadhi ya watu huwazidishia. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, maji, kuunganishwa na ndugu zake, na mtu wa kumkalia karibu bila kumchokonoa. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, aachwe.

Miezi ikipita, jinamizi na picha za tukio zikiwa bado zinarudi, hali inabadilika. Hapo kukwepa ndiko kunakolea ugonjwa. Mashariki mwa Kongo, tiba ya fikra iliyobuniwa kwa ajili ya kiwewe ilipangwa upya kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, ikafundishwa kwa vikundi na masomo yake yakawa ya kukariri. Wenzao wa vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa, kutulizwa, kuelekezwa kwenye huduma. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, dalili nzito za sonona au wasiwasi zilibaki kwa 9 kati ya 100 wa vikundi, na kwa 42 kati ya 100 wa msaada wa kawaida. Kwa kiwewe hali ilikuwa hivyo hivyo. Ninapoambiwa "mtu akisikilizwa kwa upendo inatosha," nawakumbuka hao 42. Walisikilizwa kwa upendo.

Njia nyingine ni ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Kamba inalazwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa. Mtu anaweka ua pale palipokuwa na jambo jema na jiwe pale palipokuwa na ubaya. Mawe makubwa na madogo. Halafu, kikao baada ya kikao, anasimulia jiwe moja moja polepole, aliona nini, alisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, sasa hivi mwili unafanya nini, mpaka tukio likae mahali pake kwenye kamba na liache kutokea upya kila usiku. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, ilijaribiwa kwa wakimbizi 43 wa Sudan: baada ya mwaka, waliobaki na kiwewe walikuwa 29 kati ya 100, wakati kwa waliopata ushauri wa kawaida walikuwa 79. Kundi ni dogo, nalisema hilo. Kisha Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi Uganda, matokeo ya mwaka 2008, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, washauri wakiwa wakimbizi wenzao: njia ya kusimulia na ushauri wa kiwewe ulioachiwa mshauri uhuru zaidi zilikaribia kuwa sare, na zote mbili ziliwazidi kwa mbali waliokuwa wakifuatiliwa tu. Nasoma humo kwamba washauri waliofunzwa kukigusa kiwewe chenyewe wanaweza kufika kwa njia zaidi ya moja. Asiyekigusa kabisa ndiye anayebaki nyuma.

Ipo pia EMDR ya Francine Shapiro, ya kufuata kidole kwa macho huku ukikumbuka tukio. Inafanya kazi kwa kiwewe. Wataalamu bado wanabishana kama macho yanachangia chochote au kazi inafanywa na kule kukumbuka. Ukimpata mwenye mafunzo nayo, ni chaguo halali.

Peke yako au kikundi. Msomi au bibi wa benchi

Mwaka 2005 daktari wa akili wa Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kwa kujiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya dola 15 ya kumleta hospitalini. Akaanza kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare tiba ya kutatua matatizo, waifanye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wanaita ugonjwa huo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sisi tungesema "ana mawazo." Bibi anamfungua mgonjwa ayataje matatizo yake yote, wanachagua moja, wanatafuta hatua moja inayowezekana wiki hiyo. Utafiti wa zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa karibu 14 kati ya 100 wa benchi, dhidi ya 50 kati ya 100 wa huduma ya kawaida. Moshi na Bungoma vilevile, utafiti ulichukua watoto yatima 640, na nusu yao walipewa tiba ya kiwewe na washauri wasio wataalamu, wakisimamiwa. Tiba ilipokwisha, maeneo matatu kati ya manne yalionyesha watoto hao wamenufaika kuliko wenzao.

Kwa hiyo shahada ukutani isikutishe wala isikulevye. Cha kuuliza ni: umefunzwa njia gani, na nani anakusimamia? Bibi wa benchi ana mafunzo, ana hatua za kufuata, na ana wa kumrudia akikwama. Jirani mwenye moyo mzuri hana hayo.

Kikundi kina faida ambayo mimi siwezi kumpa mtu ofisini kwangu: kumsikia mwingine akitamka aibu uliyodhani ni yako peke yako. Ni rahisi pia kwa gharama. Lakini katika mji mdogo, ambako kila mtu ni shangazi wa mtu, siri ni jambo la kufikiria kwa makini. Kama tatizo lako likijulikana litakuvunjia ndoa au kazi, anza peke yako.

Kinachofanya tiba ifanye kazi

Tangu mwaka 1936 Mmarekani Saul Rosenzweig aliandika kwamba njia zinazogombana huenda zinaponya kwa mambo zinayoshirikiana. Mwaka 1979 Edward Bordin aliyataja matatu: mnapatana kama watu, mnakubaliana mnakokwenda, na mnakubaliana kazi za kufika huko. Mwaka 2018 tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000 zilikusanywa pamoja, na uhusiano kati ya maelewano hayo na kupona ulionekana katika kila aina ya tiba. Hauelezi kila kitu. Unaelezea sehemu ndogo tu ya tofauti kati ya anayepona na asiyepona, lakini haukosekani.

Yule mama wa daladala mbili alinifundisha hayo kabla sijayasoma. Tulipatana; alinipenda na mimi nilimheshimu. Kilichokosekana ni la pili na la tatu. Siku ile nilimwomba radhi, nikamuuliza angependa nini kiwe tofauti mwezi ujao. Akasema: "Nilale usiku, na nikae na mke wa mwanangu bila moyo kudunda." Kuanzia hapo tulikuwa na kazi.

Ukiwa unachagua leo

Sonona ya wastani, na una nguvu ya kufanya mazoezi: CBT au kurudi kwenye shughuli, ile utakayoipata karibu. Sonona iliyoanza na msiba au ugomvi: IPT, au kikundi. Huna hata nguvu ya kuoga: anza na shughuli ndogo, na muone daktari, kwa sababu dawa na mazungumzo pamoja mara nyingi hushinda kimojawapo peke yake. Ukisikia sauti, au ndugu yako ana siku za kutolala kabisa na mipango isiyo na kichwa, dawa ndiyo ya kwanza na mazungumzo yanafuata. Mawazo ya kujiua hayasubiri ulinganisho huu. Nenda hospitali leo, na mtu akusindikize. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua kunakiuka katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isikuzuie kusema ukweli kwa daktari.

Dua na maombi sikuambii uyaache. Nafanya kazi vizuri na masheikh na wachungaji wengi. Ila popote unapofungwa minyororo, unapopigwa, au unapoambiwa uache dawa za daktari, ondoka.

Na upime. Lipo dodoso la maswali tisa kuhusu dalili za sonona, PHQ-9, lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Alama zake ni 0 hadi 27. Lijaze kabla ya kikao cha kwanza na tena baada ya cha nne. Zikishuka alama 5 au zaidi, mko njiani. Zikikaa pale pale, kosa huenda si lako wala la mshauri. Njia na tatizo havijakutana. Watu wengi hapo huacha kimya kimya, simu hawapokei, na mshauri habaki na la kujifunza. Mwambie hivi: "Nimefanya vikao vinne, sijaona badiliko. Tubadilishe nini, au unielekeze kwa nani?" Mshauri aliyefunzwa vizuri hatakasirika. Mimi nikiambiwa hivyo navuta kiti, natoa karatasi mpya, na tunaanza kuulizana upya.